Basi ni la manjano, mikanda ipo. Sukari je?

Sisi wa Pwani wengi tunaijua Isiolo kwa habari za LAPSSET, ule mradi uliozinduliwa Lamu Machi 2012. Mimi naijua kwa kuwa dada yangu kaolewa huko, na nikijaaliwa huenda kumjulia hali. Safari moja nilikuwa narudi kutoka Garbatulla, tukasimama Kulamawe kunywa chai. Kando ya duka palikuwa na basi la shule na wanafunzi wameshuka. Msichana wa miaka kama 15 alikuwa ameketi chini, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anamjibu mwalimu maneno yasiyoeleweka. Mmoja akasema ni malaria. Mwengine akasema ana jini, asomewe. Mwalimu, maskini, alibaki kumsihi asilale.

Aliyejua ni rafiki yake peke yake. Akanong'ona: "Huyu hujidunga sindano asubuhi."

Mama mwenye duka hakungoja kuelezwa zaidi. Alifungua soda, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya robo saa hivi yule mtoto akauliza wamefika wapi.

Shule siitaji, kwani ingeweza kuwa shule yoyote, hata ya hapa kwetu. Kilichonikaa moyoni ni kwamba ndani ya basi zima hakuna mtu mzima aliyejua kuwa mtoto yule ana kisukari.

Wakati huu tunapozungumzia kanuni za usafiri wa wanafunzi, baada ya NTSA kutoa rasimu mpya mwaka 2025, jambo hili lafaa lisemwe. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2017 yalitaka basi la shule liwe la manjano, liwe na mikanda, na lisibebe wanafunzi kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Mazuri yote hayo. Lakini mkanda humlinda mtoto basi likigonga. Haumsaidii yule anayezimika polepole kitini huku wenzake wakidhani amelala.

Na safari ndiyo mahali penyewe pa hatari. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hudungwa insulini kwa hesabu ya chakula atakachokula. Akidungwa alfajiri, kisha basi likapasuka gurudumu, chakula cha saa sita kikaliwa saa tisa, insulini haingoji. Inaendelea kushusha sukari. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, kutetemeka na jasho huanza, kisha kuchanganyikiwa, na mwisho kuzimia au degedege. Kutoka Kulamawe hadi mjini Isiolo ni zaidi ya kilomita 70. Ukisema utamkimbiza hospitali kwanza, umechelewa. Dawa ya mwanzo lazima iwe ndani ya basi.

Dawa yenyewe ni rahisi hata naona haya kuiandika: vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda. Isiwe ile ya sukari sifuri, ambayo hapa haina kazi. Maziwa ya ngamia, sifa ya Isiolo, yaje baadaye, kwani sukari yake huingia mwilini polepole. Ngoja dakika 15, na kama hajapata nafuu mpe tena, kisha ale kitu cha kushiba. Kama amezimia, usimtie chochote kinywani, atapaliwa. Mlaze ubavu, mpige mbio kituo cha afya kilicho karibu, na simu ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Kuna na upande wa pili, sukari kupanda. Huyu huwa na kiu, haja ndogo kila mara, hutapika, hupumua kwa nguvu, na pumzi hunukia kama matunda yaliyoiva mno. Huyo ni wa hospitali bila kuchelewa. Ukishindwa kujua ni ipi, na mtoto ana fahamu na anaweza kumeza, mpe sukari. Iliyoshuka huua haraka zaidi.

Gumu liko kwingine, nalo ni siri. Wazazi hawaiambii shule, hasa wa wasichana, wakihofia mtoto kuitwa mgonjwa na posa kupotea. Mtoto naye huficha sindano chini ya sanduku, na sanduku hutupwa kwenye buti ya basi, kwenye joto linaloiharibu insulini. Lawama hapa siwezi kumtupia dereva. Dereva hawezi kutibu asichoambiwa.

Wazazi wenzangu wa Lamu, Garsen na Hola, ambao watoto wenu husafiri kutwa nzima kurudi bweni, kabla ya muhula kufunguliwa mwandikieni mwalimu anayepanda basi karatasi moja: jina la mtoto, dalili zake, cha kumpa, nambari yenu ya simu. Insulini na kipima sukari vikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na pakiti ya glukosi. Rafiki anayeketi naye aambiwe pia. Na rasimu ya NTSA, kwa maoni yangu, iongezwe sharti moja: mtu mzima ndani ya kila basi aliyefunzwa huduma ya kwanza, na sukari ndani ya lile sanduku lake la dawa.

Yule mama wa Kulamawe nilimuuliza alijuaje. Akasema mumewe anayo.