Vitanda vya Mathari na Huzuni Isiyohesabiwa



Hapa Suma husemwa mara nyingi kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba Mwafrika hana nafasi ya kuugua huzuni. Wasemao hivyo hudhani wanatusifu. Sisi twasema wazi: dai hilo lilivikwa joho la sayansi na daktari wa kikoloni, na lilikuwa tusi.

Mwaka 1938, J. C. Carothers, tabibu wa serikali ya Kenya, alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilhali hakuwa bingwa wa magonjwa hayo. Akawahesabu Waafrika waliolazwa, akawaona wachache mno wakilinganishwa na wa Uingereza, na wenye sonona miongoni mwao kama hawapo. Akatafsiri uchache huo kuwa dalili ya akili isiyokomaa, isiyojua uzito wa wajibu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani (naam, Shirika la Afya Duniani!) lilichapisha kitabu chake kinachomfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikatoa andiko lake juu ya Mau Mau, na kilio cha watu walionyang'anywa ardhi kikageuzwa kuwa kasoro ya nafsi zao.

Tuulize swali ambalo hata karani wa mizani ya majani ya chai angeliuliza: ni nani aliyefika Mathari? Ni yule aliyefanya fujo mjini au katika shamba la mlowezi, akakamatwa. Mama aliyejifungia ndani akilia kimya, asiyemsumbua mzungu yeyote, nani angempeleka Nairobi? Alibaki mikononi mwa ndugu zake. Kilichohesabiwa ni vitanda, si wagonjwa. Kupima huzuni ya watu wote kwa vitanda vya Mathari ni sawa na kupima mvua ya Rungwe kwa ndoo iliyowekwa sebuleni, kisha kutangaza kwamba Rungwe ni jangwa.

Majibu yalikuja. Adeoye Lambo, daktari wa Nigeria, alimpinga Carothers tangu miaka ya 1950. Kisha mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya kuwahoji watu wa vijiji viwili vya Uganda huko huko vijijini. Wanawake wa vijiji hivyo walikuwa na sonona zaidi kuliko wanawake wa Camberwell, London.

Lakini tusi limedumu, nasi wenyewe ndio tunaolibeba sasa. Kijana asiyelala, asiyekula, aliyeacha hata kuchuma chai, anaitwa mvivu na wazee wake, au tunamwambia aongeze sala tu, kana kwamba nabii Eliya hakutamani kufa jangwani. Ndugu zetu, mwenye mtu wa namna hiyo nyumbani, zikipita wiki mbili ampeleke hospitali kule Tukuyu. Akitaja neno la kujiua, asingoje hata siku moja.