Huruma ya Mtahini Isiguse Hesabu

Mwaka 1980 jeshi la nchi kavu la Marekani lilianzisha mtihani wa siha uliodumu kwa muda wa miaka ipatayo 40. Mtihani wenyewe ulikuwa rahisi kuuelewa: dakika 2 za pushapu, dakika 2 za kulala chali na kuinuka, kisha mbio za maili 2. Kijana wa kiume mwenye umri wa kati ya miaka 17 na 21 alitakiwa kupiga pushapu zisizopungua 42, na kumaliza mbio hizo kwa muda usiozidi dakika 15 na sekunde 54. Aliyepungukiwa na hapo alihesabiwa kuwa ameanguka.

Katika kanuni za mtihani huo lilikuwamo agizo moja ambalo naona lafaa kutafakariwa na kila mwalimu na kila mwanafunzi. Mtahini alipaswa kuhesabu kwa sauti. Askari alipopiga pushapu isiyo kamili, pengine kwa kutoshuka vya kutosha, mtahini alitakiwa kuirudia nambari ya mwisho iliyokuwa sahihi. Thelathini na tisa. Thelathini na tisa. Thelathini na tisa. Jasho lilimtiririka askari, lakini hesabu ilikataa kusonga mbele mpaka kazi ifanywe ipasavyo.

Agizo hilo ni jepesi likiwa karatasini, lakini ni zito mno likifika moyoni mwa binadamu. Aghalabu anayehesabu ni sajini wa kikosi kicho hicho, anayekula na kulala pamoja na hao anaowatahini. Anamjua mwenye mke na watoto. Anajua kwamba aliyeanguka hapandishwi cheo, na akizidi kuanguka huenda akapoteza kazi. Mwenzake afikapo arubaini na moja huku mikono ikimtetemeka, ni rahisi ajabu kutamka "arubaini na mbili" mambo yakaisha. Tena kamanda hatauliza maswali, maadamu kikosi kilichofaulu chote humletea sifa.

Mimi si mwanajeshi, lakini nasema pasi na kusita kwamba nambari hiyo moja ya bure ina wa kuilipia. Wa kwanza ni yule aliyejihimu alfajiri kwa miezi kadhaa hadi akazipata pushapu zake 42 kwa haki. Cheti chake sasa chalingana na cha yule aliyepewa. Wa pili ni kamanda, ambaye atapanga safari ya vita akitegemea nguvu zilizomo karatasini tu. Wa tatu ni majeruhi atakayelala chini siku moja akimngoja mwenzake amwinue na kumtoa kwenye hatari. Wa nne ni askari mwenyewe, aliyeambiwa kwamba ana uwezo ambao hana. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wapo watakaouliza: je, ikiwa kipimo chenyewe kina kasoro? Karani wa jeshi au fundi wa mitambo ana haja gani ya kukimbia maili 2? Hilo ni swali la haki, na jawabu lake ni kukitengeneza kipimo hadharani. Wamarekani walifanya hivyo. Walitunga mtihani mpya wa sehemu 6, ambao ulibishaniwa sana, hata katika bunge lao. Mwaka 2022, kabla ya mtihani huo kuanza kutumika rasmi, zoezi moja lililowashinda wanawake wengi liliondolewa, na viwango vikapangwa kwa kuzingatia umri na jinsia. Mwaka 2025 mtihani ukabadilishwa tena, ukawa wa sehemu 5. Mtu aweza kuyakubali mabadiliko hayo au kuyapinga, lakini yalifanywa mchana kweupe, na kila askari aliyajua. Sajini anayeongeza nambari kimya kimya amejitungia sheria yake peke yake, tena kwa ajili ya rafiki zake tu.

Wala sisemi kwamba huruma haina mahali jeshini. Aliyeanguka hupewa nafasi ya kufanya mazoezi na kurudia mtihani. Mgonjwa huahirishiwa kwa idhini ya daktari. Aidha, mwaka 2022 jeshi hilo liliamua kwamba askari aliyejifungua asifanye mtihani wa rekodi hadi zipite siku 365. Hiyo ndiyo huruma ya kweli: imeandikwa, ni ya wote, na haimwongopei mtu. Huja kabla ya hesabu au baada yake, wala haiingilii hesabu yenyewe.

Sisi hapa Kenya hatuna budi kujitazama. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha uandikishaji wa makurutu 10,000 wa polisi kwa sababu ya ufisadi na dosari nyingine zilizoutia doa. Vijana waliokimbia na kushinda kwa miguu yao wenyewe walijikuta wamewekwa katika kapu moja na waliopenyezwa.

Shuleni nako hali haikuwa tofauti. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2015, watahiniwa waliopata gredi ya A walizidi 2,600, na matokeo ya maelfu ya wengine yakafutwa kwa udanganyifu. Mwaka uliofuata, usimamizi ulipokazwa, waliopata A walikuwa 141 tu. Sidai kwamba kila A ya mwaka 2015 iliibwa, na hapo ndipo penye uchungu. Yule aliyeipata yake kwa kukesha na vitabu hana namna ya kumthibitishia mwajiri kwamba ya kwake ni halali. Waliodhani wanawasaidia wanafunzi waliwanyang'anya walio wema kati yao kitu kisichoweza kurudishwa.

Kwa hivyo nawasihi walimu: mwanafunzi akipata alama 39, mwandikieni 39, kisha bakini naye jioni mmwonyeshe alipokosea. Nanyi wanafunzi, msimwombe mwalimu alama. Mwombeni muda wake, maana huo anaweza kuwapa bila kumdhulumu mtu yeyote.