Ng'oeni hizo linki, wekeni boksi la fyuzi!

Haya jamani, leo naweka kando programu na hifadhidata. Nina ugomvi na mafundi wa umeme wa magari, pamoja na wenye magari makuukuu wanaowatetea.

Ugomvi wenyewe unahusu linki. Kama una Toyota Corolla KE70, Datsun, au Nissan Sunny ya miaka ya 1980, fungua boneti utazame karibu na ncha chanya ya betri. Kuna vipande vifupi vya waya, vyembamba kuliko nyaya vinavyozilinda. Hizo ndizo linki. Si waya wa kawaida. Kanuni ni kwamba shaba yake iwe karibu asilimia 40 tu ya shaba ya waya unaolindwa, na ganda lake ni la mpira maalum usioshika moto kwa urahisi. Shoti ikitokea, linki inayeyuka kwanza, gari linapona. Wahandisi wa Kijapani hawakuwa wajinga.

Tatizo ni kinachofuata ikishayeyuka. Gari halina taa, halina chochote. Fundi anakata kipande cha waya wowote alio nao, anasokota ncha mbili, anafunga utepe mweusi, kisha, "Washa, mkubwa!" Na gari linawaka. Mwenyewe analipa, anashukuru, anakwenda zake.

Sisi waandishi wa programu tunaijua sana tabia hii. Programu inatoa ujumbe wa kosa, mtu anaufuta ujumbe badala ya kulitafuta kosa. Tofauti ni kwamba programu yangu ikianguka haimchomi mtoto aliyelala kiti cha nyuma.

Mnadhani natia chumvi? Tupige hesabu. Taa mbili za mbele zinavuta takriban ampea 10. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 una ukinzani wa karibu ohmu 0.007 kwa kila mita. Joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani wati 0.7. Ukiushika hutasikia kitu. Sasa waya huohuo uchunike na kugusa bodi. Betri iliyoundwa kuzungusha stata inaweza kusukuma ampea 300 bila kusita. Mkondo umepanda mara 30, lakini joto limepanda mara 900: wati 630 kwa kila mita! Hiyo ni pasi iliyofichwa nyuma ya dashibodi, katikati ya plastiki na vitambaa.

Watetezi wanasema, "Linki ndiyo asili ya gari." Asili ipi? Unayoitetea ni kipande alichokiweka fundi juzi. Hata ile halisi ina ila yake: ganda linaweza kubaki zima huku shaba imeshakatika ndani. Inabidi uivute uone kama inanyumbuka kama mpira. Fyuzi unaiona kwa macho, ampea zake zimeandikwa juu, na yeyote anaweza kuibadilisha usiku Mtito Andei bila kumngoja fundi.

Wengine husema linki huvumilia mkondo wa ghafla, fyuzi itakatika ovyo. Hoja hii ina uzito, lakini jibu lipo. Usiweke zile fyuzi ndogo za redio. Weka zile kubwa za maxi, za ampea 20 hadi 80, ambazo huvumilia mkondo mkubwa wa muda mfupi na bado hukatika mara moja kwenye shoti.

Ila boksi likifungwa ovyo ni pambo tu. Kwa hivyo mwambieni fundi hivi:

Kwanza, toa waya hasi wa betri, kisha tafuta shoti. Linki haikuyeyuka kwa kupenda.

Pili, fyuzi huchaguliwa kwa uwezo wa waya. Waya wa kustahimili ampea 40 ukiupa fyuzi ya 60, utaungua huku fyuzi ikitazama. Na mzigo wa kawaida usizidi robo tatu ya fyuzi.

Tatu, boksi liwe shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Kipande kilicho kati yao hakina mlinzi.

Nne, kila linki ipate fyuzi yake. Ukiziunganisha zote kwa fyuzi moja, shoti ya honi itakuzimia taa zote ukiwa barabara kuu.

Tano, alterneta ya ampea 50 usiipe fyuzi ya 40. Ikikatika injini ikinguruma, volti hupanda ghafla na kuunguza vifaa. Kama waya wake hauwezi kubeba fyuzi kubwa zaidi, badilisha waya kwanza. Kebo nene ya stata iache ilivyo.

Mwisho, tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi, na ncha zibanwe kwa koleo lake. Waya wa nyumba wa uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko, na kusokota kwa vidole si kuunga.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8. Maana yake Sunny na Corolla hizo hazina wenzao wanaokuja. Tulizo nazo ndizo hizo, na nyaya zake zimezeeka pamoja nazo. Boksi la fyuzi ni kazi ya siku moja. Gari likiwaka moto, dakika chache zinatosha kulimaliza.

Anayebisha na aje na mita yake, tupime.