Juu ya Mlima Meza, Watazamisheni Watoto Chini



Likizo inapokaribia, familia zilizojaaliwa uwezo hupanga safari, na baadhi hufika hata Cape Town, Afrika Kusini. Huko watoto hawaridhiki hadi wapande Mlima Meza, wenye kilele bapa kilichoinuka mita 1,086 juu ya usawa wa bahari. Gari linaloning'inia kwenye kamba za chuma, lililoanza kazi mwaka 1929, huwafikisha juu kwa dakika chache. Wahini mapema, kwani upepo ukishika kasi gari husimamishwa, na wingu jeupe hutanda kileleni mithili ya kitambaa cha meza.

Mkishasema Subhanallah kwa uzuri wa bahari na mji, msiishie kupiga picha. Waonyesheni watoto mambo mawili.

La kwanza ni kisiwa kidogo kilicho mbele ya ghuba, Robben Island. Takriban karne mbili kabla ya Nelson Mandela, yaani mwaka 1780, Waholanzi walimfunga hapo mwanachuoni wa Tidore, Abdullah bin Kadhi Abdus-Salaam, aitwaye Tuan Guru. Katika kifungo hicho aliiandika Qur'ani Tukufu kwa hifdhi yake.

La pili ni nyumba za rangi mbalimbali za mtaa wa Bo-Kaap, kwenye mteremko wa Signal Hill. Humo mna Msikiti wa Auwal, wa kwanza Afrika Kusini, ulioanzishwa mwishoni mwa karne ya 18. Tuan Guru, baada ya kufunguliwa, ndiye aliyekuwa imamu wake wa kwanza. Na kiwanja? Kilitolewa na mwanamke, Saartjie van de Kaap, binti wa Coridon van Ceylon, mtumwa aliyepata uhuru.

Kutoka kileleni msikiti huo ni nukta tu. Hata hivyo, waliomfunga imamu wameondoka na utawala wao, ilhali kwenye kiwanja cha bibi yule watu wangali wanasujudu. Hiyo ndiyo sadaka jariya.

Basi watoto wakiuliza, "Nasi tutaacha nini?" wajibuni kwa vitendo mrudipo nyumbani. Si lazima kiwe kiwanja. Mkeka wa madrasa au misahafu michache yatosha kuwa mwanzo.

Mwenyezi Mungu awarejeshe salama, na aujaalie mkono wa kila mama uache athari njema. Amin.