Wanagenzi Wasitwikwe Deni la Makerere

Tangu mwaka 1958 Maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere ina wajibu wa kisheria kupokea na kutunza machapisho ya Uganda. Kazi hiyo haingoji bajeti ibakize kitu.

Chuo kina bahati. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa hapohapo kilimani mwaka 1963, hivyo vijana wanaosomea kazi hii hawatafutwi mbali. Mwanagenzi anayefundishwa vizuri huanza na mambo madogo. Hunawa mikono na kuikausha, huweka kando kalamu ya wino na kushika penseli. Pini zilizoshika kutu huzitoa polepole asije akachana karatasi. Vumbi hulipangusa kwa brashi laini, kutoka mgongo wa kitabu kwenda ukingoni. Ukurasa uliochanika haubandikwi selotepu, maana gundi yake huacha doa lisilotoka. Magazeti ya zamani, yaliyochapwa kwenye karatasi duni, humeguka yakikunjwa tu, na hakuna skana itakayorudisha kilichomeguka.

Lakini mwanagenzi bado ni mwanafunzi. Muda wake ukiisha huaga akaenda zake, ilhali mchwa na ukungu wa masika hubaki. Kumbukumbu za wagonjwa wa Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, zimehifadhiwa Mulago katika maktaba ya tiba ya Makerere, yenye jina la Cook. Kurasa hizo zina majina ya watu na maradhi yao. Dhamana ya siri hiyo ni ya mkutubi aliyeajiriwa, na ni kosa kumkabidhi kijana peke yake rundo kama hilo, hata awe hodari namna gani.

Septemba 2020 moto uliteketeza jengo kuu la Makerere, la mwaka 1941, pamoja na nyaraka zilizokuwamo. Jengo limejengwa upya. Karatasi iliyoungua bila nakala haina fundi.

Kwa hiyo tunataka kila kundi la wanagenzi likae meza moja na mhifadhi wa kudumu, na kila jalada linalofunguliwa liandikwe kwenye daftari na kutiwa saini naye. Vijana wapewe barakoa, nauli na chakula cha mchana. Nafasi za wahifadhi zilizo wazi zijazwe katika bajeti ijayo, na Baraza la Chuo litangaze hadharani ni ngapi.