Moto mkali peke yake haukupi mshiko

Wiki hii nataka tuongee kuhusu kuyeyusha vitu, maana naona vijana kibao wanatafuta cha kufanya nyumbani: huyu mishumaa ya harusi, yule masufuria, mwingine chubwi za wavuvi. Safi sana! Ila mimi nasema, kabla hujakoka moto, jua unayeyusha nini.

Wengi hudhani kazi yote ni ukali wa moto. Wapi! Mwali wa gesi ya kupikia unaweza kukaribia nyuzi 2,000 za Sentigredi, na aluminiamu inayeyuka kwenye 660 tu. Mbona basi sufuria yako haiyeyuki jikoni? Maji yaliyomo yanaipokonya joto, nayo yakichemka hayavuki nyuzi 100. Yaache yakauke, ulale, uone kasheshe! Ndiyo maana fundi huzungushia udongo, akafukia chombo chake kwenye mkaa na kuvukuta upepo. Anazuia joto lisitoroke. Yeye, asitumbukize chuma chenye unyevu humo: maji hugeuka mvuke ghafla, uji wa moto ukamrukia usoni.

Dada wa mishumaa, kwako maji ni rafiki. Nta huyeyuka kwenye nyuzi kama 60, kwa hiyo weka chombo chake ndani ya sufuria ya maji. Ukiibandika motoni moja kwa moja inaweza kuwaka. Ikiwaka usimwagie maji, ifunike.

Sasa linaloniuma ni chubwi, zile za risasi ya betri za magari. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, jiko la mkaa la uani linaitosha kabisa. Urahisi huo ndio mtego. Vumbi lake linaganda kwenye nguo, mikono na sakafu, na mdogo wako anayetambaa analila. Linaharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Owino Uhuru, kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hicho kilikuwa kiwanda chenye kuta, sembuse jiko la uani kwenu?

Nta sawa, aluminiamu sawa ukiwa makini. Betri, mshikaji, usiiguse. Hakuna mshiko wa kumnunulia mdogo wako ubongo mwingine.

Haya, tukutane wiki ijayo!