Bahari ya Waholanzi Si Nakala ya Macho

Katika kitabu chake cha 1983, mwanahistoria wa sanaa Svetlana Alpers alidai kwamba sanaa ya Uholanzi ya karne ya 17 ilijishughulisha zaidi na kueleza kinachoonekana kuliko kusimulia au kufumba maana. Kwa picha za bahari, hoja hiyo haitoshi.

Ni kweli kwamba mchoraji Willem van de Velde Mkubwa alifuatana na manowari ili achore vita alivyovishuhudia. Lakini katika picha ya Ludolf Bakhuizen ya 1667, iliyoko Washington, merikebu tatu zinasukumwa kwenye majabali. Mlingoti umevunjika, mabaki yanaelea, na mwanga wa dhahabu unapenya mawinguni. Pwani ya Uholanzi ni ya mchanga; haina majabali hayo. Mchoraji aliyaweka kwa makusudi, mtazamaji aingiwe na hofu kisha aone tumaini. Jan van de Cappelle naye alichora shwari: maji kama kioo, matanga yamelegea.

Kwa taifa lililoishi kwa bahari, dhoruba na shwari zilizungumzia majaaliwa ya binadamu. Usahihi wa kamba na matanga haupingi maana, ndio unaoibeba.